Fundo la Bukuru

Simbo,
4 Juni 2023

Babu Yona, shikamoo.

Barua hii nimemwachia Semeni, yule fundi cherehani wa sokoni Mwanga, aikabidhi kwa nahodha wa boti ya Mwamgongo. Ningekupigia simu kama ungekuwa unasikia. Ningekutumia ujumbe kama usingesema maandishi ya simu ni mayai ya chawa. Basi tumerudi enzi za Mjerumani, na inafaa, maana shida yangu ni ya enzi hizo.

Shule yetu imejenga bweni la wasichana, na kamati imekubali liitwe jina la Bukuru wetu. Mkuu wa shule, Mwalimu Nathaniel, ni mtu wa Kilimanjaro, hakuwahi kuisikia habari yake. Nilimweleza kwamba Bukuru na Butoyi walikuwa pacha wa hapa Simbo, na kwamba kwetu anayetangulia kutoka ni Bukuru na anayefuata ni Butoyi, awe wa kiume au wa kike. Nikamweleza jinsi Bukuru alivyochukuliwa kubeba mizigo kwenye vita vya kwanza, akarudi na kamba yenye mafundo thelathini na saba, kila fundo mtu mmoja wa kwetu Buha aliyefia njiani. Nilipofika pale anapozunguka mji kwa mji, fundo moja likifunguliwa kwenye kila mlango ili watu waache kungoja na waanze kulia, Mkuu alivua miwani akaifuta. Sasa anataka maneno ya jiwe: alifanya nini, alikufa lini, kazikwa wapi.

Hapo nimekwama. Sisi tunasema alifungua mafundo ya watu, kisha akaingia ziwani akapotea. Hakuna aliyemzika wala aliyemlilia.

Nisingehangaika hivi kama si mama. Unajua baba alivuka ziwa kwenda ng'ambo ya Kongo na boti yake, huu mwaka wa tisa, na tangu hapo tunapata salamu tu kupitia kwako. Sasa mama ameuza mbuzi. Tarehe ishirini Julai anapanda meli kwenda Kalemie kumtafuta, peke yake, na presha yake ile. Nikimzuia ananijibu, "Mama yake Bukuru alikaa akangoja, akafa anangoja. Mimi sikai." Babu, wewe ndiye uliyebaki kati ya waliokaa na Bibi Butoyi. Nipe mwisho wa Bukuru. Labda mama akiujua mwisho wa yule, miguu yake itatulia.

Na kama kuna habari yoyote ya baba, usisahau kuiandika.

Mjukuu wako,
Winfrida Gasper


Mwamgongo,
10 Juni 2023

Mke wangu mdogo Winfrida,

Amahoro. Marahaba tele. Barua yako imefika ikinuka dagaa, lakini imefika. Nilifurahi kuona mwandiko wako, umenyooka kama wa baba yako alipokuwa darasani.

Unaandika eti ningesikia ungenipigia. Masikio ya fundi wa injini hayaibiwi usiku mmoja, mwalimu. Miaka arobaini nimeinamia injini za boti, kila moja imechukua kipande chake. Siku hizi hata jogoo namwona tu akifungua mdomo.

Kuhusu Bukuru, sioni cha kukuhangaisha. Andika alizama ziwani. Ziwa letu limemeza wengi, halitakataa kuongezewa mmoja kwenye jiwe. Mwambie huyo Mchaga avae miwani yake, habari ndiyo hiyo.

Kitu kimoja kiandike vizuri. Bukuru alipofika kwenye mji wa watu hakuketi. Hakupokea maji, hakupokea chakula, hata kama alikuwa ametembea siku tatu. Alisimama mlangoni mpaka aseme. Akishasema, anampa mama wa nyumba kamba, yule mama anafungua fundo la mwanawe kwa mkono wake. Baada ya hapo ndipo anakaa, anakula nao, analia nao. Bibi Butoyi alikuwa mkali sana kwenye jambo hilo. Alisema mtu anayekula kabla ya kusema msiba anakula nyama ya marehemu.

Gasper hajambo. Wanaotoka Kalemie wanasema yupo, anawasalimia. Mwambie mama yako Esther asivuke, ziwa la mwezi wa saba lina upepo mbaya.

Ni mimi babu yako,
Yona


Simbo,
15 Juni 2023

Babu, shikamoo.

Usinikasirikie, lakini leo naandika kama mwalimu anayesahihisha. Nikiwa darasa la sita uliniambia Bukuru alihamia Burundi. Baba ulimwambia Bukuru alioa Uvinza, akafia kwenye chumvi huko. Leo amezama. Mtu mmoja hafi mara tatu, Babu, hata awe pacha.

Tena kuna jambo halikai. Mtu aliyetembea Buha nzima ili mama wa wenzake wasingoje bure, anawezaje kumwacha mama yake mwenyewe akingoja? Mtu wa namna hiyo angeaga. Kuna kitu unakikalia. Mimi nakujua, ukificha jambo unaanza utani.

Mama amepata hati ya kusafiria. Picha yake humo imetoka kama ya mtu mwingine, amekonda mashavu. Jana nimemkuta anayapiga pasi mashati ya baba, yale mawili ya mistari, anayakunja kwenye mfuko. Nikamuuliza ya nini. Akasema, "Atavaa nini siku nikimpata?" Nikaenda kuchota maji ambayo tayari yalikuwepo.

Niambie ukweli wa Bukuru. Sina haja na jiwe tena. Nataka kitu cha kumwonyesha mama kwamba kungoja kuna mwisho.

Winfrida


Mwamgongo,
23 Juni 2023

Mjukuu wangu,

Nimeikalia barua yako siku nne. Nimekwenda ufukoni nikarudi, nimekwenda nikarudi, mpaka majirani wanadhani nimepoteza kitu. Haya, keti.

Bukuru hakurudi kutoka vitani.

Alichukuliwa hapo Simbo kijana mbichi. Butoyi, pacha wake wa kike, akakataa kubaki. Akawafuata wabebaji kama walivyofuata wanawake wengine, kupika na kutafuta kuni. Mbele sana ya Tabora, karibu na Mahenge, Bukuru akashikwa na tumbo la kuhara damu, siku sita akaisha. Wakamfukia kando ya njia. Chakula kilitolewa kwa kibati chenye namba kilichoning'inia shingoni. Mwanamke hakuwa na kibati. Butoyi akanyoa kichwa, akavaa kibati cha kaka yake, akainua mzigo wake. Msimamizi alihesabu vibati, hakuhesabu nyuso. Akabeba miaka miwili kwa jina la Bukuru.

Wenzake wakifa walimwambia, "Bukuru, ukifika useme kwetu." Hakujua kuandika, akafunga fundo. La kwanza kabisa lilikuwa la kaka yake.

Vita vilipokwisha alizunguka na kamba hiyo akiwa bado katika mavazi ya kiume, maana nani enzi hizo angepokea msiba kutoka kwa msichana? Mafundo thelathini na sita yakafunguliwa. Likabaki moja, la kwao.

Alipofika Simbo, macho ya mama yake yalikuwa yameingia ukungu. Mama akatoka mbio, akampapasa kichwa kilichonyolewa, akalia, "Bukuru wangu!" Kisha akauliza, "Butoyi yuko wapi?" Yule ambaye hakushindwa kwenye milango thelathini na sita, huo wa mwisho ukamshinda. Akasema, "Yuko nyuma, anakuja." Akapokea maji. Akala.

Wiki moja baadaye akaondoka, akavaa nguo zake za kike, akarudi kama Butoyi. Mama akafurahi tena, akauliza, "Na Bukuru?" Akajibu, "Yuko ziwani, anakuja." Akaendelea hivyo miaka, Winfrida, mwezi huu Bukuru, mwezi ule Butoyi, kutoka huku Mwamgongo kwa mtumbwi na kwa miguu, na kila safari mama yake ana mtoto mmoja ndani na mmoja njiani. Kisha akaolewa. Tumbo lilipotokeza, Bukuru hakuweza kuja tena. Tumbo lile ni baba yangu mzazi. Mama wa pacha alikufa amekaa mlangoni, anamngoja Bukuru.

Bibi alinisimulia haya mwaka wa sabini na moja, tunakamua mawese, miezi miwili kabla hajafa. Alinipa kamba. Akaniambia, "Nilidhani namhurumia mama. Nilikuwa najihurumia mimi." Nilikuwa kijana, sikumwelewa.

Umepata ulichotaka. Sasa mwache mzee alale.

Yona


Simbo,
28 Juni 2023

Babu yangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama hapohapo kwa Semeni, wateja wananipita. Nimecheka na nimelia. Bweni la wasichana, Babu! Kamati ilibishana wiki mbili kwa nini wasichana walale chini ya jina la mwanamume, kumbe bweni limempata mwenyewe. Nimemwambia Mwalimu Nathaniel jiwe liandikwe Butoyi. Safari hii alivua miwani asiivae tena mpaka kikao kikaisha.

Nikakimbia nyumbani kumsomea mama. Alikuwa anamenya muhogo. Nilidhani atasema, kumbe yule mama alingojea maiti, basi na mimi niache. Hakusema hivyo. Alimenya mpaka karai likajaa. Kisha akasema, "Angalau yeye alitembelewa. Alishika kichwa cha mtu. Mimi nimeshika nini miaka tisa?"

Halafu akaniambia nikuandikie hili, nami naliandika kama alivyolitamka: "Mwambie baba mkwe wangu anitumie majina ya hao wanaotoka Kalemie na salamu za Gasper. Majina yao na wanakokaa. Nikishuka melini nitaanzia kwao."

Ni ombi dogo, Babu. Andika majina hata mawili. Kama haendi kubahatisha, hata mimi roho yangu itapoa.

Na utume ile kamba ya Bibi. Mwalimu Nathaniel anataka watoto waione siku ya kufungua bweni. Nitaitunza kama jicho.

Winfrida


Mwamgongo,
4 Julai 2023

Winfrida,

Kamba hiyo hapo, nimeifunga kwenye kitambaa na kitambaa kwenye mfuko wa nailoni, nahodha ameapa hataiweka karibu na mafuta. Usiifungue mbele ya watu. Ifungue peke yako.

Majina sikuyaandika. Nahodha ananipungia mkono, boti inatoka.

Yona


Simbo,
7 Julai 2023

Babu,

Nimejifungia chumbani na kamba imelala kitandani mbele yangu. Ni nyeusi kwa moshi na mawese, laini, naogopa hata kuipumulia. Naona pale mafundo ya watu yalipokaa, imekunjamana kunjamana kama mkono wa mzee. Fundo la Bukuru lipo, dogo, limekaza kama jiwe.

Lakini mwisho wa kamba umeungwa uzi wa nyavu, wa bluu, wa nailoni. Na kwenye uzi huo kuna fundo jingine.

Enzi za Bibi Butoyi hakukuwa na nailoni ya bluu. Kwenye barua uliandika limebaki fundo moja. Mimi nahesabu mawili.

La pili ni la nani? Nakuomba kwa Mungu, safari hii usianze na utani.

W.


Mwamgongo,
11 Julai 2023

Mwanangu Winfrida,

Ni la Gasper.

Nimeandika maneno hayo matatu tangu asubuhi, na sasa jua limeshavuka milima ya Kongo. Baba yako alifariki mwaka ule ule aliovuka, wiki ile ile. Injini ilikata moto katikati ya ziwa, upepo ukawachukua, wimbi likaigeuza boti karibu na ufuko wa ng'ambo. Kijana aliyekuwa naye, Martini, aliogelea akafika. Gasper alitolewa kesho yake. Wamemzika juu ya ufuko, kijiji kidogo kaskazini ya Kalemie, chini ya michikichi. Martini aliweka mawe pembeni. Alivuka kuja kunipa habari, na alitaka kwenda Simbo mwenyewe kusema. Nikamwambia, "Niachie mimi, ni mtoto wa kaka yangu, ni mwanangu, nitakwenda." Akaniachia, akarudi kwao. Mimi sikwenda.

Utauliza kwa nini. Mficha maradhi kilio humuumbua, ndivyo tunavyosema, na mimi kilio chenyewe nilikificha.

Injini ile niliifunga mimi. Fundi wa boti haangalii injini, anaisikiliza. Beringi ikianza kufa inalia kidogo sana, kama panzi kwenye nyasi, na fundi mwenye masikio anasema, boti hii haitoki leo. Mimi masikio yalikuwa yameanza kuondoka mwaka mzima kabla. Nilitazama midomo ya watu nikakisia. Sikumwambia mtu, maana fundi kiziwi nani atampa kazi? Gasper aliniuliza, "Baba mdogo, unaisikiaje?" Nikaweka kiganja juu ya injini, nikainamisha kichwa kama zamani, nikamwambia, "Inaimba vizuri. Nenda." Martini aliniambia baadaye kwamba injini ilikuwa inalia tangu hawajapita Gombe. Yeye aliisikia. Lakini aliyekuwa amesema nenda ni fundi Yona, basi wakaenda.

Salamu zote nilizitunga mimi, miaka tisa. Mwanzo nilisema nitangoja mfungo upite. Kisha mavuno. Kisha Esther akaandika kwamba amefurahi kusikia Gasper hajambo, na nikaona nimeshapokea maji, nimeshakula. Nilijua ninachokifanya. Kamba ilikuwa juu ya kitanda changu, na Bibi alishaniambia yote mwaka wa sabini na moja.

Fundo nililifunga siku Martini alipoondoka. Nilikutumia kwa sababu kinywa changu ni kioga.

Yona


Simbo,
15 Julai 2023

Babu,

Nilichana karatasi tatu kabla ya hii. Ya kwanza nilikutukana. Ya pili nilikutukana zaidi.

Baba yangu. Nilimaliza chuo nikamwandalia kiti kwenye mahafali. Mama alikataa watu wawili waliokuja kumposa kwa heshima zao. Kila Krismasi tumekula kuku tukimwekea paja lake, kwa salamu ulizotunga umekaa huko na chai yako. Nakuandikia "Babu" kwa sababu sina neno jingine la kukuitia.

Nilikusudia kumwambia mama siku ile ile. Nikaingia jikoni. Akageuka akaniuliza, "Majina yamefika?" Nikasema bado, boti imechelewa. Akanipa kikombe cha uji, nikanywa.

Leo ni siku ya pili. Nafundisha, narudi, naingia, natoka. Natembea mpaka barabarani nikihesabu nguzo za umeme. Begi lake liko mlangoni, nalikwepa kama mbwa mkali. Nilikuwa nashangaa Butoyi aliwezaje kwenda na kurudi miaka ile yote. Siku mbili tu, Babu, nami nimeshajua jinsi alivyoweza. Jana mama kaniuliza mbona situlii. Nikamwambia ni mitihani.

Ningeweza kusema mimi. Nimefikiri, nikaona si sawa. Ulimwambia Martini akuachie. Sijakuomba radhi, sijakuomba sababu, na sijui kama nitakusamehe, usije ukitegemea hilo. Meli inaondoka tarehe ishirini. Fundo hili wewe ndiye wa kulileta, na mama ndiye wa kulifungua. La Bukuru nalo limengoja miaka mia na zaidi, tutalitazama baada ya hilo.

Kamba nimeiweka chini ya mto wangu.

Winfrida


Mwamgongo,
17 Julai 2023

Winfrida,

Natoka na boti ya kesho asubuhi. Nimeifuata injini yake tangu jana, nimembana yule fundi kijana mpaka amekasirika, nimemwambia wewe isikilize, mimi nitakuangalia uso.

Usije kunipokea gatini Kibirizi. Mwanga sitapita kwa mtu. Nitafika kwenu mchana, kwa miguu yangu.

Kamba uitoe chini ya mto, uniwekee juu ya kizingiti. Kiti msinitolee. Na Esther akiona babu anakuja atakimbilia jikoni, namjua. Mshike mkono, mwambie asinipikie.

Yona